Lucy Lameck: Binti wa Njoro Aliyeingia Oxford kwa Mlango wa Wafanyakazi

Ndugu wana Shelui, mliopo nyumbani na mliotawanyika Singida mjini, Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam na nje ya nchi, kila mwaka kijitabu hiki hutenga kurasa chache kwa maisha ya mtu mmoja aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Si lazima awe Mnyiramba wala awe amewahi kukanyaga mlima Sekenke. Tunachotaka ni mtu ambaye habari zake zinatusaidia kufikiri juu ya kazi tunayochangia mwaka ule. Mwaka huu tunachangia bweni la wasichana, na tumemchagua Lucy Lameck.

Tueleze kwanza kwa nini yeye. Katika vikao vyetu kulikuwa na hoja mbili, na zote zilitetewa kwa nguvu. Wenzetu wengine walisema fedha za bweni ni nyingi na zitachelewa kuzaa. Afadhali tuchukue wasichana wachache wenye akili kali, tuwalipie waende kwenye shule zenye jina, kisha wao ndio watakuja kutuinua. Wengine tukasema hapana, jengo ni la wote, hata yule wa katikati ambaye hakuna anayemtangaza. Hoja ya kwanza si ya kudharau. Kila mzazi wa Shelui anajua furaha inayoingia nyumbani binti anapochaguliwa kwenda Msalato, Kilakala au Tabora Wasichana. Habari hufika sokoni kabla mtoto hajapewa fomu ya kujiunga. Jina la shule ni mali. Linafungua milango, na anayesema halina maana huenda hajawahi kutafuta kazi.

Lakini jina la shule lina mambo yake, na maisha ya Lucy Lameck yanayaonyesha vizuri, kwa sababu yeye alisoma Oxford na hakusoma Oxford. Tutaeleza.

Alizaliwa mwaka 1934 Njoro, Moshi, katika familia ya wakulima. Kilimanjaro ya wakati huo ilikuwa mbele ya mikoa mingi kwa shule za misheni na kwa fedha za kahawa, lakini hata huko msichana aliyemaliza masomo ya chini alikuwa na njia mbili au tatu tu za kufuata: ualimu wa madarasa ya chini, uuguzi, au kuolewa. Lucy alisomea uuguzi. Alipomaliza akafanya jambo ambalo bila shaka liliwashangaza wengi: akakataa kufanya kazi hiyo chini ya serikali ya kikoloni. Kwa familia ya wakulima, binti aliyesomeshwa anapokataa mshahara wa serikali, hilo si jambo dogo. Hata leo tungeitisha kikao cha ukoo.

Akajifunza kazi ya ukatibu, akaajiriwa na Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Kahawa Kilimanjaro, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933. Wazee wetu waliouza pamba na alizeti kwa vyama vya ushirika wataelewa ofisi ile ilikuwa nini. Haikuwa ofisi ya kupiga chapa barua tu. Pale zilipita hesabu za wakulima, madai ya bei, na malalamiko juu ya mizani. Katibu mwenye macho alijifunza nchi inavyoendeshwa kwa kusoma barua zinazoingia na zinazotoka. TANU ilipozaliwa Julai 1954, Lucy alikuwa kijana wa miaka ishirini, na akaingia humo.

Wasomaji vijana wakumbuke kwamba nchi yetu haikuwa na chuo kikuu hata kimoja wakati huo. Kile cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kabla ya hapo aliyetaka elimu ya juu alikwenda Makerere, Uganda, au alivuka bahari. Na Makerere yenyewe ilianza kupokea wanawake mwaka 1945 tu, wakiwa sita.

Mmoja wa wale sita ni lazima tumtaje, kwa kuwa habari zake na za Lucy zinapita barabara moja. Huyo ni Sarah Nyendwoha, binti wa Bunyoro. Alitaka kusoma hisabati, lakini mwalimu akagoma kufundisha darasa lenye mwanamke ndani yake. Akabadilisha masomo. Baadaye akaenda Uingereza, katika chuo cha St Anne's, Oxford, akasoma historia, na mwaka 1954 akahitimu. Anahesabiwa kuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Alirudi Uganda kufundisha, akakuta mshahara wa mwanamke ni mdogo kuliko wa mwanamume kwa kazi ileile. Akatangaza kwamba afadhali afundishe bure kuliko kupokea mshahara wa kumdharau. Wakubwa wakaona aibu, akalipwa sawa. Mwaka 1958 aliolewa na mchoraji Sam Ntiro wa Machame, aliyekuja kuwa Balozi wetu wa kwanza London. Kwa hiyo Sarah naye ni mke wa Kilimanjaro, na kidogo ni wetu. Yeye alifariki mwaka 2018.

St Anne's kilikuwa chuo cha wanawake, na hapa inatubidi tusimame tuelewe maana yake. Oxford si jengo moja. Ni chuo kikuu chenye vyuo vingi ndani yake, kila kimoja na ukuta wake, bwalo lake, walimu wake na majivuno yake. Kwa karne nyingi vyote vilikuwa vya wanaume. Vyuo vya kwanza vya wanawake, Lady Margaret Hall na Somerville, vilifunguliwa mwaka 1879, na vingine vikafuata. Wanawake walihudhuria mihadhara, wakafanya mitihani na kufaulu, lakini shahada hawakupewa hadi mwaka 1920. Yaani kwa zaidi ya miaka arobaini msichana alifanya kazi yote ya mwanafunzi na kuondoka bila shahada. Cambridge walikuwa wagumu zaidi. Chuo cha wanawake cha Girton kilianza mwaka 1869, lakini wanawake hawakupata haki kamili ya shahada hadi mwaka 1948. Na hata baada ya Oxford kutoa shahada, mwaka 1927 iliwekwa kanuni ya kuzuia idadi ya wanawake isivuke kiwango fulani. Kanuni hiyo ilidumu hadi mwaka 1957. Vyuo vya wanawake vilitambuliwa kuwa vyuo kamili vya chuo kikuu mwaka 1959, miaka miwili tu kabla ya uhuru wetu.

Sasa tazameni ajabu ya dunia. Vyuo hivyo vilivyowekwa pembeni, vyenye fedha chache kuliko vya wanaume, ndivyo vilivyokuja kuwa na sifa isiyo na kifani kwa mwanamke popote duniani. Indira Gandhi alipita Somerville. Margaret Thatcher alipita Somerville. Benazir Bhutto alipita Lady Margaret Hall. Sababu mojawapo ni rahisi: nafasi zilikuwa chache mno, na milango ya vyuo vya wanaume ilifungwa kwao hadi mwaka 1974 vilipoanza vitano kuwapokea. Kwa hiyo walioingia walikuwa wamechujwa mara nyingi. Ufinyu wa mlango ukageuka kuwa sifa ya nyumba. Sisi tunaona hilo ni jambo la kutafakari, maana shule zetu zenye jina nazo sehemu ya sifa yake inatokana na wale wasichana wote waliobaki nje. Hatusemi zifungwe. Tunasema tu sifa hiyo ina bei, na walioilipa ni wengine.

Lucy Lameck hakupita mlango huo. Hakuwa na vyeti vya kuingilia chuo kikuu. Alikuwa na uuguzi alioukataa, ukatibu, na kadi ya TANU. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa msaada wa chama, alipata nafasi katika Chuo cha Ruskin, mjini Oxford.

Watu wengi wanaoandika habari zake husema alisoma Chuo Kikuu cha Oxford. Sisi tunapenda mambo yakae sawa. Ruskin kipo mji uleule, lakini hakikuwa chuo cha ndani ya chuo kikuu. Kilianzishwa mwaka 1899 na Wamarekani wawili, Charles Beard na Walter Vrooman, kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, migodini na kwenye reli, watu waliokosa shule utotoni. Walikiweka Oxford makusudi, chini ya pua ya chuo kikuu, ili mchimba makaa apite mitaa ileile anayopita mtoto wa lodi. Wanafunzi wake waliruhusiwa kuhudhuria mihadhara ya chuo kikuu na kufanya mtihani wake wa diploma. Wengi walitumwa na vyama vyao vya wafanyakazi na walitarajiwa kurudi huko. Wanawake wakaanza kupokelewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Kipo kisa kimoja cha chuo hicho tunachokipenda. Mwaka 1909 wanafunzi waligoma. Mkuu wao, Dennis Hird, alikuwa ameondolewa, na wao waliona kwamba chuo kinavutwa karibu mno na chuo kikuu kikubwa. Waliogopa kwamba wakifundishwa kama mabwana watatoka mabwana, nao walitumwa na wenzao wa migodini. Baadhi yao walihama, wakaanzisha chuo chao kingine. Fikirini hilo: watu wanaogoma kwa sababu wamesogezwa karibu na jina kubwa kupita kiasi. Huku kwetu tungewaona wana wazimu. Lakini walikuwa wanauliza swali la maana, nalo ni la kila mtoto tunayempeleka mbali: akirudi, atakuwa bado wa kwetu?

Waafrika Mashariki kadhaa walipita Ruskin. Tom Mboya wa Kenya alikaa mwaka mmoja, 1955 hadi 1956, akiwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Lucy alisoma uchumi na siasa. Tunaweza kufikiria aliyoyaona: mji wa minara na nyasi zilizokatwa, baiskeli zimejaa mitaani, wasichana wa Somerville na St Anne's wakipita na magauni yao meusi ya kisomi, na yeye akielekea Walton Street kwenye chuo cha makuli na makarani. Hapo alikuwa karibu kabisa na jina kubwa bila kuwa nalo. Baadaye alisoma pia Marekani, katika Chuo Kikuu cha Western Michigan, mji wa Kalamazoo. Hicho nacho hakikuwa miongoni mwa vyuo vinavyotajwa kwa kunong'onezwa.

Akarudi nyumbani. Mwaka 1960 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, nchi ikiwa bado chini ya Mwingereza. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Wanawake ndani ya ukumbi ule walihesabika kwa vidole, na miongoni mwao alikuwamo Bibi Titi Mohamed, ambaye shule yake ilikuwa ndogo kuliko ya Lucy lakini sauti yake iliujaza uwanja wa Jangwani. Baada ya uhuru Lucy aliteuliwa kuwa naibu waziri, kwanza katika ushirika na maendeleo ya jamii, baadaye afya. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini kushika wadhifa wa ngazi hiyo.

Ushirika na afya. Wanaomfuatilia watagundua kwamba hizo ndizo kazi mbili alizozianza akiwa msichana. Katibu wa KNCU amekuwa msimamizi wa vyama vya ushirika vya nchi nzima. Na muuguzi aliyekataa kuhudumu chini ya mkoloni sasa anakaa katika wizara inayoamuru wauguzi wapelekwe wapi. Hatudhani kwamba alikisoma hicho Oxford peke yake. Oxford ilimpa maneno, hesabu na ujasiri wa kukaa meza moja na wakubwa; jambo lenyewe alilijua tangu Moshi.

Mwaka 1965 ulikuwa mwaka wa mtihani. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa wabunge chini ya chama kimoja, na katika kila jimbo lenye ushindani wagombea wawili wa TANU walisimama, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Wazee wetu wengi walipiga kura yao ya kwanza ya namna hiyo mwaka ule. Mawaziri wazima walianguka. Bibi Titi mwenyewe alishindwa Rufiji, Paul Bomani alishindwa Mwanza. Lucy alikwenda kwa wapiga kura wa Moshi akashinda. Katika kura ya jembe na nyumba hakuna anayekuuliza ulisoma chuo gani. Anayekuuliza anataka kujua ulikuwa wapi kahawa iliposhuka bei.

Tunalisema hili kwa uangalifu, maana elimu ilimsaidia. Bila Ruskin huenda tusingelijua jina lake. Lakini tunaona kwamba aliyemfikisha Ruskin ni chama cha watu wa kawaida kilichoona binti mmoja wa ofisini anaweza zaidi, kikachanga heshima yake na kumsukuma. Hakuna tajiri wala lodi aliyemwona. Ni watu wenye kadi za TANU, waliolipa ada ya chama kwa senti zao.

Alitumia nafasi yake kuwasemea wanawake: kazi zao, malipo yao, na nafasi yao katika ndoa na katika ushirika. Enzi hizo mwanamke alilima kahawa, mume akaenda kupokea fedha mizanini. Huku kwetu ilikuwa hivyohivyo kwa pamba, na tusijidanganye, kwa baadhi ya nyumba bado iko hivyo kwa alizeti na vitunguu.

Lucy Lameck alifariki tarehe 21 Machi 1993, akiwa na umri wa takriban miaka hamsini na tisa.

Miaka mingi baada ya kifo chake jina lake liliibuka mahali ambapo pengine yeye hakupategemea. Mjini Berlin, wilaya ya Neukölln, kulikuwa na mtaa ulioitwa kwa jina la Hermann von Wissmann. Huyo ndiye ofisa wa Kijerumani aliyeongoza majeshi ya kuvunja upinzani wa pwani kuanzia mwaka 1889, vita vilivyoishia na Abushiri kunyongwa Pangani, na baadaye akawa gavana wa koloni. Sanamu yake ilisimama Dar es Salaam, mahali ilipo sasa Sanamu ya Askari. Wakazi wa Berlin walidai kwa miaka kwamba jina hilo liondolewe, na mwaka 2021 likaondolewa. Mtaa ukaitwa Lucy Lameck.

Kwetu habari hiyo ina uzito wake. Wajerumani hao ndio walioanza kuchimba dhahabu Sekenke, hapo mlimani petu, mnamo mwaka 1909, na dhahabu hiyo hatukuiona. Na Singida tunao mwanamke wetu aliyewakabili, Liti Kidanka wa Wanyaturu, ambaye wazee wanasimulia alipigana nao kwa nyuki. Hakuenda chuo chochote. Leo uwanja wa mpira wa Singida mjini unaitwa Liti.

Turudi kwenye bweni. Msichana anayesoma mbali na nyumbani huku kwetu ana njia mbili: kutembea mwendo mrefu asubuhi na jioni, au kupanga chumba karibu na shule na kujipikia. Shelui ni mji wa barabara kuu. Malori ya Nzega na Mwanza yanalala hapa, wachimbaji wanaingia na fedha za siku moja, na geto la msichana wa miaka kumi na tano halina mlinzi. Kila mzazi anajua yanayotokea na hatuna haja ya kuyaandika. Wapo waliokatisha masomo ambao kwa akili wangeweza kufika popote, hata penye jina kubwa. Kabla ya kumtafutia mtoto Msalato, inabidi afike kidato cha nne akiwa salama.

Kwa hiyo kamati imeamua kuendelea na bweni. Wale waliotaka fedha ziende kwa wachache wameridhia, kwa sharti kwamba bweni likishakamilika tuzungumze upya juu ya mfuko wa kuwasaidia wanaofaulu kwenda juu, na sharti hilo tumelikubali na limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Msingi umekwisha kuchimbwa. Kinachohitajika sasa ni saruji, nondo, mabati na mbao, na anayeweza kuleta tofali au siku mbili za kazi badala ya fedha atahesabiwa kama mchangiaji mwingine yeyote. Majina yote yatasomwa.

Limebaki suala la jina la jengo. Wamependekezwa Lucy Lameck na Liti Kidanka, na mwanachama mmoja amependekeza tusiliite jina lolote mpaka msichana wa kwanza aliyelala humo amalize chuo, ndipo tumwite yeye. Kura itapigwa katika mkutano mkuu.